Barua kwa mwanangu: njugu za Gymkhana

Mwanangu,

Nimeona meseji yako, eti kisiwa kidogo kama Sri Lanka kilibebaje Kombe la Dunia la kriketi 1996 na sisi Kenya tuko wapi. Jibu la haraka ni shule. Kule mchezo ni wa watoto wa shule, Arjuna Ranatunga alicheza mechi yao ya kwanza kabisa ya Test, ile kriketi ndefu ya siku tano, 1982, akiwa bado mwanafunzi wa miaka 18, akapiga mikimbio zaidi ya hamsini, na ndiye kapteni aliyekuja kubeba kombe. Huku kwetu ulibaki wa klabu, wengi tuliuchungulia kwa fensi.

Lakini mimi nikisikia Sri Lanka nakumbuka jambo lingine. Mwaka huo wa 1996 bomu lililipuka Colombo, Australia na West Indies wakakataa kwenda. Vijana wetu walienda. Sri Lanka wakawapiga mikimbio 398 pale Kandy, huko huko kisiwani, rekodi ya dunia wakati ule, nikazima redio. Lakini walienda! Timu ni ile inayokuja, nishakwambia mara ngapi.

2003, Kombe la Dunia tena, New Zealand wakaogopa kuja Nairobi, Sri Lanka wakaja. Unaikumbuka ile Jumatatu ya uwanja wa Gymkhana? Kazini nimedanganya naumwa tumbo, wewe na njugu zako kwa karatasi ya gazeti. Sisi tukapiga mikimbio 210. Aravinda de Silva, yule wa 107 kwa fainali ya 1996, akaanza kutulia, nami nikaiona Kandy tena, nikakushika mkono twende zetu kabla mtu wa ofisini hajaniona. Ulilia mpaka njugu zikamwagika. Kwa matatu, redioni, Collins Obuya huyo, mrusha mpira wetu, wiketi tano, yaani wapigaji watano kawatoa, kwa mikimbio 24 tu, Sri Lanka wote nje kwa 157, abiria wanakumbatiana na mimi nimeangalia dirishani. Mamako mpaka leo anajua tuliona yote.

Sasa utasema kuja si kitu, kushinda ndio kitu, na pengine ni kweli, maana tulifika nusu fainali mwaka huo huo na 2014 hadhi ya ODI, ya mechi za kimataifa za siku moja, ikatutoka. Basi labda ni shule tu. Au tuseme wenye timu ndio... hapana, wacha. Nani aliharibu ya kwetu ninalo jibu, tena kali, siliandiki hapa. Ukija Disemba niulize mamako akishalala.

Njugu nitanunua mimi.

Babako