Barua yako iko wapi?

Mwanangu,

Salamu zako za Jumapili zimefika, na swali lako pia: je, ni lazima umalize mwezi wa notisi hapo maktaba ya chuo, au waweza kuondoka Ijumaa kwa kuwa wale waajiri wapya wanakutaka tarehe mosi?

La sheria ni fupi. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28 kwa maandishi, ndivyo Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inavyosema. Barua yako ya kuajiriwa, au mkataba uliotiwa sahihi na chama cha wafanyakazi na chuo, ukitaja muda mrefu zaidi, huo mrefu ndio unaokufunga. Huwezi kungoja? Walipe mshahara wa siku hizo, mwachane. Ukiwa bado kwenye kipindi cha majaribio kazini, ni siku 7. Basi.

Ila mimi nakuuliza: barua yenyewe iko wapi? Neno la mdomo halina muhuri.

Unaijua ile Ijumaa ya githeri, ingawa baba yako huisimulia vibaya. Nilikuwa kwenye kaunta ya bwalo, upawa mkononi, foleni ya wanafunzi imefika mlangoni. Msimamizi wa jikoni akanisogelea, akaninong'oneza kama mtu anayeomba chumvi: "Mama, Jumatatu usije." Miaka sita! Nikaendelea kupakua. Sahani ya mwisho niliijaza hadi ikamwagika, na kijana wa watu akanishukuru.

Jioni nikamwendea mwakilishi wetu wa chama. Hakunipa pole hata moja. Aliuliza tu, "Umepewa karatasi?" Sijapewa. "Basi Jumatatu vaa aproni uje."

Nikaenda, mwanangu! Niliipiga pasi usiku, nikaivalia hapa hapa Majengo, nikapanda nayo matatu watu wakinikodolea macho. Askari wa geti alitazama viatu vyake, akafungua. Kufika saa nne barua ikaletwa mbio, muhuri bado mbichi, na ndani yake mwezi mmoja kamili. Wenzangu wawili walioambiwa siku ile ile walibaki nyumbani na aibu isiyokuwa yao. Hawakuona hata shilingi. Neno la mdomo, nakwambia, halina muhuri.

Kwa hiyo kaa huo mwezi. Au tuseme, wao wangekupa wewe mwezi, kama si chama? Mimi walininyima mchana kweupe. Ondoka basi. Lakini hapo namkumbuka yule mama wa Pangani niliyemlelea watoto kabla hujazaliwa. Nilitoka kwake alfajiri na mfuko wangu, mdogo wao ana homa, sikuaga. Sikuwa na barua wala chama, ndivyo ninavyojiambia. Hadi leo matatu ikipita pale naangalia dirisha la upande wa pili.

Jibu ninalo, linaniwasha mdomoni, lakini sahihi ni yako. Ukiamua lolote, toa nakala mbili, upeleke masijala, moja wakupigie muhuri urudi nayo. Yangu ya ile Jumatatu imo kwenye kopo la biskuti, chini ya vyeti vyenu vya kuzaliwa. Aproni nayo dada yako aliigeuza kitambaa cha kupangusia jiko, na hilo sijamsamehe.

Mama yako