Kopo lilitangulia kifungulio chake

Uliyeuliza kama kweli makopo ya chakula yalikuwepo kabla ya vifungulio: ndiyo, na kwa miaka mingi. Peter Durand alipata hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya kopo Uingereza mwaka 1810. Ezra Warner wa Marekani akapata ya kifungulio mwaka 1858! Katikati hapo watu walitumia patasi na nyundo, askari wakitoboa kwa singe. Makopo ya mwanzo yalikuwa ya chuma kinene kilichopakwa bati. Kifaa chepesi kilifaa pale tu chuma cha kopo kilipokuwa chembamba.

Linalonishangaza zaidi: Nicolas Appert wa Ufaransa, aliyehifadhi chakula kwa kukichemsha ndani ya chupa zilizozibwa, hakujua kwa nini hakiozi. Habari za vijidudu zilielezwa na mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur miongo kadhaa baadaye.