Majilio Yana Sehemu Mbili

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Umeniuliza jumuiya yenu ifanye nini ili Majilio, yaani kipindi cha kujiandaa kwa Noeli, ya safari hii yasiishie kwenye mazoezi ya kwaya na kupamba kanisa, maana sasa wewe ndiye mwenyekiti na watu wanakutazama. Nimefurahi kwamba umeuliza mapema.

Anza na kalenda. Majilio huanza kwa Masifu ya Jioni, ile sala ya jioni ya Kanisa, ya kuamkia Dominika iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea. Dominika huwa nne daima, lakini wiki haziwi nne kamili daima. Noeli ikiangukia Jumatatu, kama mwaka 2023, Dominika ya nne huwa ndiyo tarehe 24 yenyewe na Majilio yote ni siku 22. Ikiangukia Jumapili, kama 2022, ni siku 28. Ukigawa kazi kwa wiki nne bila kuhesabu siku, kazi ya mwisho itakosa nafasi.

Kisha angalia mkato ulio katikati. Hadi tarehe 16 Desemba masomo yanatuelekeza zaidi kwenye ujio wa Bwana mwisho wa nyakati, pamoja na Yohane Mbatizaji anayeita watu watubu. Kuanzia tarehe 17 hadi 24 Kanisa linageukia Bethlehemu moja kwa moja. Nakushauri ratiba yenu ifuate mkato huo: toba na upatanisho viishe kabla ya tarehe 17, na siku zile nane za mwisho ziwe za kutulia na kumngoja Mtoto. Wengi hufanya kinyume. Wiki za kwanza zinapita kimya, halafu tarehe 23 foleni ya maungamo inazunguka kanisa na padre amechoka.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumwona paroko sasa, akupe siku ya kitubio cha jumuiya katika wiki ya pili. Mpelekee hesabu. Watu 40, kila mmoja dakika 5, ni dakika 200, yaani zaidi ya saa tatu kwa padre mmoja. Ama wagawe kwa siku mbili, au mwombe akaribishe padre wa pili. Usitegemee ondoleo la jumla, yaani wote kuondolewa dhambi pamoja bila kuungama mmoja mmoja, kwa sababu ya wingi wa watu: Kanuni ya 961 ya Sheria za Kanisa inasema wazi kwamba umati wa sikukuu peke yake si sababu ya kutosha. Wiki moja kabla, wapeni watu maswali machache ya kutafuta dhambi moyoni waende nayo nyumbani, kwa sababu mtu anayeanza kufikiri akiwa tayari amepiga magoti huishia kusema maneno ya mkato tu. Na walio na ugomvi wasaidieni wakutane kabla ya siku hiyo, wawili wawili, bila mkutano. Mkiwaita mbele ya jumuiya nzima, kila mmoja atajitetea.

Orodha ya wagonjwa na wazee wasiotoka iandikwe siku hiyo hiyo unapomwona paroko. Wao pia wanahitaji maungamo na Komunyo, na ndio wanaosahaulika kuliko wote.

Katika vikao vya kila wiki, tumieni Injili ya Dominika inayokuja, kwa zile hatua saba za kushirikishana Neno. Unazijua: kumkaribisha Bwana, kusoma, kuchagua maneno na kuyarudia, kimya, kushirikishana, kutafuta tendo la kufanya, kusali. Zinaharibikia kwenye hatua ya nne na ya tano. Kimya hukatwa baada ya nusu dakika kwa sababu kiongozi anaona aibu, anaanzisha wimbo. Shika saa mkononi, zipite dakika 3 kamili. Watoto watajikuna, kiti kitalia, acha tu. Kwenye kushirikishana, kila anayesema aanze na "mimi". Anayeanza na "sisi Wakristo wa siku hizi" tayari anahubiri, na wenzake watanyamaza. Tendo nalo liwe moja, lenye jina la mtu wa kulifanya na siku yake.

Shada la Majilio, lile duara la majani lenye mishumaa minne, ni zuri likisaliwa. Lilianzia kwa Waluteri, kwa mchungaji Johann Hinrich Wichern huko Hamburg mwaka 1839, nasi tumelipokea. Mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, unaowashwa Dominika ya tatu, ile ya Furahini. Chagueni mishumaa minene: ule wa kwanza ukiwashwa dakika 15 kila jioni kwa siku 28 unahitaji kuwaka saa 7, na mwembamba utakuwa umekwisha wenzake wakiwa bado. Majani mabichi hukauka ifikapo wiki ya tatu na hushika moto upesi. Yabadilisheni, na msiondoke chumbani mwali ukiwaka.

Tarehe 17 hadi 23, kila jioni, someni antifona ya siku, yaani kiitikio chake kifupi, kisha Wimbo wa Bikira Maria. Zinaanza kwa kumwita Bwana: Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Mawio, Ee Mfalme wa Mataifa, Ee Emanueli. Herufi za kwanza za majina hayo kwa Kilatini, zikisomwa kutoka la mwisho kurudi la kwanza, hutoa maneno mawili, Ero cras, yaani "kesho nitakuwapo". Waeleze vijana, watapenda. Dakika 10 zinatosha, na familia inaweza kufanya peke yake.

Kuhusu kwaya, zungumza na mwalimu wao kwa upole. Wimbo wa Utukufu hauimbwi Dominika za Majilio, lakini Aleluya inabaki, kwa kuwa hii si Kwaresima. Nyimbo za Noeli wazifanyie mazoezi, ila zisisikike ibadani hadi Misa ya mkesha, jioni ya tarehe 24.

Ukishaonana na paroko, niandikie siku aliyokupa, niwaombee siku hiyo.

Mama yako