Sherehe ya jeshi: usimuulize mumeo uvae nini

Nilipomuuliza mume wangu nivae nini kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa kikosi chao cha Marine, tawi la jeshi la Marekani, alinijibu, "Vaa tu kitu kizuri." Mwanaume huyohuyo alikuwa amekaa sebuleni na rula, saa nzima anapima medali zikae sawa kwenye koti. Hapo nikaelewa. Sheria anazijua, ila ni zake. Zako muulize mke wa mwenzake (sisemi mke mwenza!) aliyekwisha kwenda mara mbili tatu.

Kikosi cha Marine cha Marekani kiliundwa tarehe 10 Novemba 1775, na kila mwaka ikifika siku hizo wanasherehekea popote walipo. Mimi nilianza 2022, huku North Carolina, kwenye ukumbi wa hoteli. Ukitoka Dar utadhani ni harusi: MC yupo, meza kuu ipo, keki ipo, na tiketi zenyewe ni kama michango, mwenye cheo kikubwa analipa zaidi. Tofauti ya kwanza ni saa. Wakisema saa kumi na moja jioni, saa kumi na moja kasorobo uwe umeshashuka kwenye gari. Na ule kabisa nyumbani, hata wali wa jana, kwa sababu chakula huja baada ya mambo mengi.

Gauni liwe refu. Kitenge kinakubalika vizuri tu. Langu alilishona fundi wa Sinza kwa vipimo nilivyomtumia WhatsApp. Kosa langu lilikuwa kuweka lesi kifuani. Tulipoinuka kucheza muziki wa taratibu, medali moja ikaingia kwenye tundu la lesi, nikivuta inachanika, akivuta yeye medali inataka kung'oka. Tukabaki tumegandana katikati ya ukumbi kama mbuzi wa kamba moja, hadi dada mmoja akaja kututenganisha kwa pini ya nywele. Lesi weka mgongoni.

Bendera zikiingia, simama. Wimbo wao wa taifa ukipigwa, wageni ambao ni raia wa Marekani huweka mkono kifuani. Mimi sikuwa raia wa Marekani, nikasimama wima mikono chini, na hakuna aliyeniangalia vibaya. Kisha husomwa ujumbe wa mwaka 1921 wa Jenerali John A. Lejeune, aliyekuwa mkuu wa Marine wakati huo. Husomwa kila mwaka, kwa hiyo utauchoka mwaka wa tano, si wa kwanza.

Kuna meza moja ndogo utaiona ina kiti kisicho na mtu. Nilikuwa nimechoka, nikataka kuweka pochi yangu pale. Yule dada wa pini akanishika mkono. Meza ni ya waliopotea vitani na waliotekwa: ua waridi jekundu, kipande cha limau kwa uchungu wa yaliyowakuta, chumvi kwa machozi ya wanaowasubiri, glasi imepinduliwa kwa kuwa hawapo wa kuinywea. Nilipoelezwa ile chumvi nikamtafuta mume wangu kwa macho ukumbi mzima.

Keki hukatwa kwa upanga. Kipande cha kwanza ni cha mgeni rasmi, kinachofuata hupewa Marine mwenye umri mkubwa kuliko wote waliomo ukumbini, naye humkabidhi aliye mdogo kuliko wote. Mwaka ule mdogo alikuwa kijana ambaye hata ndevu hazijamtoka, anatafuna huku watu wote wanamtazama. Nilimwonea huruma kama bibi harusi anayelishwa keki.

Sasa aibu yangu kubwa. Walipoinua glasi kwa ajili ya wake na waume wa wanajeshi, watu wakasimama, nami nikasimama na glasi yangu juu, nikajinywea heri yangu mwenyewe. Anayetakiwa heri hukaa! Nilipogundua wenzangu wote wamekaa wanatabasamu, nikajifanya natengeneza gauni.

Kesho yake nikamtumia fundi picha, maana aliziomba. Zikaingia tiki za bluu, akakaa kimya kidogo, kisha akaandika: "Gauni limekaa. Ila keki inakatwa kwa upanga, bwana harusi simuoni. Harusi ya nani hii?"

Nikamjibu si harusi, ni kikosi kimetimiza miaka 247.

"Na lesi imefanyaje hapo kifuani?"