Maswali yenu: Msitu wa Mlima Rungwe

Mvua zimechelewa na maswali mengi wiki hii yametoka vijiji vinavyopakana na msitu. Naanza na lililonigusa zaidi.

Shikamoo mwalimu. Nina milingoti (mikaratusi) kando ya kijito, nategemea kuuza nguzo nisomeshe watoto. Naambiwa niing'oe. Kwani mti si mti? (Msomaji, Isongole)

Marahaba, mwanangu. Mlingoti hukua upesi kwa sababu hunywa sana, na ukiwa kijitoni unakunywa maji ya jirani yako wa chini. Msitu wa asili hufanya kazi tofauti. Huko juu Rungwe majani hunasa ukungu hadi unadondoka kama mvua, na mboji iliyorundikana miaka na miaka hufyonza maji ya masika, ikayaachia kidogo kidogo. Ndiyo maana mito ya Kiwira na Mbaka hushuka kwenda Ziwa Nyasa hata Oktoba, mashamba yakiwa vumbi. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 za chanzo. Vuna hiyo iliyokomaa, uihamishie biashara yako kwenye mgongo mkavu wa shamba. Kijitoni panda mikuyu au mivengi. Najua ada za shule hazingoji, lakini kijito kikikauka hata mboga utanunua.

Kuokota kuni msituni ni kosa? (Mama wa Kyimo)

Bila kibali, ndiyo, mama. Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Waone ofisini kwao kwanza.

Kipunji ana nini hata alindwe hivyo? Si kima tu? (Kijana wa Tukuyu)

Kima, ndiyo, ila hayupo nchi nyingine yoyote. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua zamani. Watafiti walimfikia 2003 kwa kufuata simulizi zao. Mwaka 2006 akapewa jenasi (kundi la kisayansi la spishi za karibu) yake mwenyewe, jambo ambalo halijatokea kwa kima wa Afrika tangu 1923. Hesabu iliyotolewa 2008 ilikuta 1,117 tu, wa Rungwe, Kitulo na Ndundulu kule Udzungwa wakijumlishwa. Hata shule moja kubwa ya kata ina watoto zaidi ya hao. Naumia kila nikisikia mtego umenasa mmoja.

Mwanangu wa darasa la tano anataka kumwona kipunji. (Baba, Mbeya mjini)

Mpeleke, baba, na mtembeza wageni wa huko, alfajiri. Mwambie asikilize kwanza: mlio wake ni kama mbweko mzito. Kisha aangalie juu matawini, atafute nywele zilizosimama utosini na mkia wenye ncha nyeupe.