Hita ya gari la zamani: fuata maji kabla ya kununua vipuri

Ndugu, umeeleza kwamba hita yako hutoa joto ukiwa mwendoni lakini hupuliza ubaridi gari likisimama huku injini inaunguruma, na kwamba kubadilisha thamostati (vali inayofunguka na kujifunga kufuata joto la maji ya injini) hakukusaidia. Gari langu la zamani lilinisumbua vivyo hivyo, nami nilianza na thamostati kama wewe.

Hita ya magari hayo haina moto wake. Huazima joto la injini. Pampu ya maji husukuma sehemu ya kulanti, yaani maji ya kupozea injini, iliyopata moto ndani ya injini, ikapita kwenye mpira mmoja hadi rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi, feni ikapuliza hewa katikati ya mapezi yake, kisha maji yaliyopoa kidogo yakarudi kwa mpira wa pili. Thamostati iliyokwama wazi huzidisha ubaridi gari linapokimbia, kwa kuwa upepo hupoza rejeta kubwa ya injini. Kwako ni kinyume chake. Pampu huzunguka kwa kasi ya injini, hivyo joto linalokuja ukikanyaga mafuta na kupotea kwenye mngurumo wa chini huashiria kwamba maji yamepungua, hewa imenasa, njia imeziba kiasi au pampu yenyewe imechoka.

Shika mipira yote miwili injini ikiwa imepata moto, ukijihadhari na feni na mkanda. Kwangu, wa kuingia haukushikika, ilhali wa kurudi ulikuwa vuguvugu tu. Injini ilipopoa niliichomoa mipira hiyo, nikapitisha maji ya bomba kwa nguvu ndogo kutokea upande wa kurudi, na kutu nyekundu ikatoka nzito kama uji. Usitumie presha kubwa, kwani rejeta hiyo ndogo kuukuu hupasuka kwa urahisi.

Baada ya hapo ondoa hewa, hatua ambayo wengi huiruka. Injini ikiwa baridi, elekeza pua ya gari mlimani, fungua mfuniko wa rejeta kubwa, weka hita kwenye joto la mwisho ili vali yake ifunguke, washa injini na uongeze kulanti kila kiwango kinaposhuka. Kamwe usifungue mfuniko huo injini ikiwa ya moto. Mapovu yasipokoma, kagua gasketi ya silinda hedi, kizibo kinachozuia gesi ya injini kuingia kwenye maji, kabla hujagusa hita tena. Yangu yalikoma baada ya mlio wa gulugulu nyuma ya dashibodi, na mpira wa kurudi ukapata moto mkononi mwangu.