Digirii ya malezi ya watoto na vijana, kusoma au kuacha? Jibu kwa dada wa Kisauni

Dadangu, umeuliza kama uache kazi ya ulezi pale kituo cha watoto ukasomee digirii ya malezi ya watoto na vijana, na kama kuna kazi ukimaliza ama utakaa nyumbani na cheti. Mimi nimeisoma huku nafanya zamu za usiku kituoni na madarasa ya wikendi, kwa hivyo ntakwambia nilivyoyaona.

Gredi kwanza. C+ ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ndio ya kuingilia digirii, kama umepata C- ama C anza na diploma kisha upande, hakuna aibu, wenzangu waliokuja kwa njia hiyo ndio walikuwa moto darasani maana washakesha na watoto wanaolia usiku. Angalia kozi imeidhinishwa na CUE, ile tume ya elimu ya vyuo vikuu, kabla hujatoa hata shilingi. HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, omba mapema.

Sasa sikiliza hili. Wengi wanadhani hii digirii ni ya kwenda kuendesha kituo cha mayatima, na vituo ndivyo vinavyofungwa mlango polepole. Serikali ilitoa mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto vituoni warudi kwenye familia, na Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua hata kafala, ile ya kwetu Waislamu ya kumlea mtoto bila kumbadilisha nasaba. Kazi imehama. Sai kazi ni kupanda matatu hadi Kwale ndani huko kumtafuta bibi yake mtoto, ukae naye mkekani, ujue nani anapika, nani analala wapi, yule mjomba aliyemfukuza bado yuko ama kaondoka, halafu mtoto akisharudi uende tena na tena. Kwa hivyo chuo kikikupa orodha ya yuniti na kurudisha watoto kwa familia hakumo, achana nacho.

Je inafunza kitu ambacho wewe mlezi hukijui? Ndio wallahi. Kwetu kulikuwa na kijana wa miaka tisa hivi anaficha mahamri chini ya godoro mpaka siafu wanaingia, na kila asubuhi ni kelele na adhabu. Darasani tukawa tunasoma Bowlby, yule daktari wa akili wa Uingereza, mambo ya mtoto kushikamana na mtu anayemlea, mwalimu akatuuliza huyu ameishi wapi kabla hajaja kwenu. Alikuwa analala nje sokoni Marikiti. Nikaomba apewe mkebe wake wenye kifuniko, ajaziwe mahamri kila jioni, ni wake, hakuna wa kumuuliza. Alikuwa anaufungua kuhesabu tu kisha anaufunga analala. Hiyo ndiyo kozi yenyewe, chakula, kuoga, kulala, zile saa ambazo mwanasaikolojia ameshaenda zake nyumbani.

Atachimenti, yale mazoezi ya kazini, usikubali ya kupiga fotokopi. Mimi nilikuwa na afisa wa watoto, tunakwenda korti ya watoto pale Tononoka, na huko ndiko nilijifunza kuandika ripoti. Ukiandika "mtoto ni mkaidi" hujamwambia hakimu chochote, andika ulichokiona, saa ngapi, nani alikuwepo. Na sheria uijue, zamani mtoto wa miaka 8 alikuwa anaweza kushtakiwa, ile ya 2022 imepandisha hadi 12.

Upande wa vijana ndio kozi nyingi ni nyepesi, jina lipo kwenye cheti lakini yuniti mbili tatu basi. Na sisi hapa na hawa vijana wa mapanga wa Kisauni tunawahitaji hao watu sana. Barobaro wa miaka kumi na sita hatakuja ofisini kwako kushauriwa, utamkuta anafunga cheni ya bodaboda, shika spana.

Kazi zipo ila nyingi ni za mashirika, kandarasi, mradi ukiisha na wewe umeisha. Za serikali ni chache. Matangazo mengi yanaandika ustawi wa jamii, sosholojia "ama kozi inayokaribiana", kwa hivyo ukitaka mlango mpana soma ustawi wa jamii uchague yuniti za watoto, ikiwa moyo wako uko kwa watoto tu chukua hii.

Lakini kituoni usiache. Omba zamu za usiku, na wakikukatalia niandikie inbox tuone utapangaje.